Talaka Iliyobaki

Siku ya Idi wanaume wengi huamka wakiwaza nyama. Fundi Cheche aliamka akiuwaza ulimi wake.

Alikuwa na sababu. Ulimi huo ulikwishatoa talaka mbili. Ya kwanza ilitoka kwa ajili ya ufunguo wa karakana, uliopotea asubuhi na mchana ukaonekana ndani ya mfuko wa suruali yake mwenyewe. Ya pili ilitoka kwa ajili ya chai iliyopoa. Wenzake huvunja nyumba kwa mambo makubwa. Yeye alitumia kikombe. Mara zote mbili alijuta kabla neno halijafika chini, akaenda kwa wakwe na uso wa paka aliyenyeshewa, akamrejea mkewe eda haijaisha.

Mara ya pili shehe wa msikiti wa mtaani alimkalisha chini.

"Imebaki moja, fundi," akamwambia. "Hii ikitoka, hakuna kurejea. Mkeo atakuwa si mkeo, mpaka aolewe na mwingine ndoa ya kweli, na huyo naye amwache kwa hiari yake, au afe. Sasa kama unaona utaweza kukaa kibarazani unangoja mwanamume mwenzio afe, endelea na ulimi wako."

Jina la Cheche alipewa karakanani, na si kwa sababu ya kuchomelea mageti tu. Chuma huruka cheche kikiguswa na moto. Yeye aliruka cheche hata akiguswa na upepo.

Kisha ikaja Ramadhani, na Fundi Cheche akapata ngao. Alifundishwa kwamba aliyefunga akichokozwa aseme, "Nimefunga." Akaishika hiyo kama mtu anavyoshika nguzo kwenye mafuriko. Mteja akisema geti limepinda, nimefunga. Umeme ukikatika katikati ya kazi, nimefunga. Hata usiku, amekwisha kufuturu, tumbo limemtangulia mlangoni, mtu akimkera alisema nimefunga, na hakuna aliyembishia. Nyumba ikatulia. Mkewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Cherehani kwa kazi yake ya kushona, alimpokea kila jioni kwa salamu ya kawaida, akimtazama kidogo zaidi kuliko salamu ilivyohitaji.

Asubuhi ya Idi, Cheche alitoka kwenye swala akiwa na kanzu mpya na moyo mweupe, takbira bado iko mdomoni. Alipofika nyumbani akakuta rundo la nywele limesukumwa kwa ufagio mpaka kwenye kizingiti chake. Nywele nyeusi, nyeupe, na nyingine zilizotiwa rangi. Jirani yake kinyozi alikuwa amenyoa watu mkesha mzima, akafagia kuelekea kwa mwenzie.

Cheche akahisi hasira inapanda.

"Jirani!" aliita. "Nimefunga!"

Kinyozi akatoa kichwa dirishani, mswaki mdomoni. "Umefunga nini?"

"Nimefunga, nakwambia!"

"Leo? Fundi, leo kufunga ni haramu. Ukifunga Idi unaandikiwa dhambi." Akacheka mpaka povu likamtoka puani. "Tafuta uongo mwingine, huo umeisha jana magharibi."

Cheche alibaki amesimama juu ya nywele za watu. Hasira ilimtoka, lakini si kwa ucha Mungu. Ilitoka kwa hofu. Kinyozi alikuwa amesema kweli. Mwezi mzima alijificha nyuma ya neno moja, na neno hilo lilikuwa limeondoka pamoja na mwezi wake, likamwacha uwanjani kifua wazi.

Akachukua ufagio akafagia mwenyewe. Mkewe akamkuta hapo.

"Mama anakuja kula mchana," alisema. "Na kaka."

"Kaka yupi?"

"Ninaye mmoja tu, na unamjua."

"Huyo mmoja anatosha kumi."

Mkewe hakucheka. Alisubiri kidogo, kama mtu anayesikiliza chungu kilichofunikwa, kisha akarudi jikoni.

Kaka yake aliuza viatu sokoni kwa kipaza sauti, na watu walimwita Spika. Kipaza sauti alikiacha kazini lakini sauti alirudi nayo nyumbani. Talaka ya pili ilipotoka, ni yeye aliyekuja kumchukua dada yake na watoto. Hakupiga kelele siku hiyo. Alisimama mlangoni akamwambia Cheche, polepole, "Ya tatu nitakuja kuipokea kwa mikono miwili." Tangu hapo Cheche alijua kwamba kuna mtu mmoja duniani anayeisubiri ile talaka kwa hamu.

Adhuhuri alienda msikitini. Wiki iliyopita mahali hapo palijaa hadi viatu vilikuwa vinagombania nafasi. Leo waliosimama walikuwa safu moja na vipande, na hata kati ya hao, wengine walikuwa wanapiga miayo ya kushiba. Cheche akasujudu, akakaa kwenye sajda muda mrefu kuliko imamu. Hakuomba riziki, hakuomba afya. Aliomba mdomo wake uwe mzito kama mlango wa stoo.

Aliporudi, wageni walikuwa wamefika. Mama mkwe amekaa mkekani ameegemea ukuta, miguu ameinyoosha kwa sababu ya magoti. Spika amekaa kwenye kochi la mwenye nyumba, lile lenye mto mzuri, ametanua mikono pande zote mbili. Watoto walikwishatoka zamani, wako mtaani wanatembeza nguo zao mpya.

"Idi njema, mama," Cheche alisema, akainama kumpa mkono.

"Njema, mwanangu. Umepungua."

"Kafunga vizuri huyo, mama," Spika akadakia. "Kwa mdomo hasa. Tumeambiwa mwezi mzima hakutukana mtu. Tulidhani kahama."

"Idi njema, shemeji."

"Njema, simba. Leo ndio unafunguliwa, eti?"

Cheche akatabasamu. Tabasamu lenyewe lilikuwa limepinda upande mmoja kama geti lililochomelewa haraka, lakini lilisimama.

Wakakaa kula. Sinia la wali katikati, bakuli la nyama, birika la maji ya kunawa pembeni. Mama Cherehani aliingia na kutoka, hakukaa. Kila alipoingia aliangalia kwanza uso wa mumewe, halafu chakula.

Spika alianza na nyama. Akasema ni ngumu, lakini asilaumiwe dada, mtu hupika alicholetewa. Cheche akamsogezea kipande laini. Akahamia kwenye geti la msikiti, ambalo Cheche alilichomelea bure. Akasema linalia kama mbuzi kila linapofunguliwa, waumini wanadhani wamefika machinjioni. Mama mkwe mwenyewe akacheka hapo, kisha akajifunika mdomo. Cheche akasema atalitia mafuta. Sauti yake ilikuwa ya chini, lakini vidole vilikuwa vimeukamata wali mpaka umekuwa donge.

"Wewe," mama mkwe akamwambia mwanawe, "kula ulichofuata."

"Nakula, mama. Namsifu mwenyeji." Akalamba kidole. "Unajua, fundi, mimi nauza viatu. Mtu akivijaribu dukani, kwenye zulia, kila kiatu ni kizuri. Nasubiri atoke nje akanyage mawe. Na Ramadhani ni zulia. Mashetani yamefungwa, matumbo matupu, kila mtu mpole. Mimi nimekuja kuona mawe."

"Umeyaona?"

"Bado. Ndiyo nayatafuta."

Mama Cherehani alikuwa mlangoni, amebeba sinia la vikombe. "Kaka, inatosha," alisema.

"Haitoshi. Hapana, dada, leo tuseme. Kwani hujamwambia?"

"Kaka!"

"Hajui?" Spika akamgeukia Cheche, na kwa mara ya kwanza uso wake haukuwa na mzaha. "Begi lake liko mvunguni mwa kitanda mnachokilalia. Limefungwa tangu kumi la mwisho. Nguo zake na za watoto. Mwenzio alikuwa anakesha, lakini si kwa ajili ya usiku wa cheo."

Nje mtoto wa mtu alipuliza filimbi ya sikukuu, akanyamaza.

Cheche hakumtazama Spika. Alimtazama mkewe, na hapo ndipo hatari ilipokuwa. Maneno ya Spika yalikuwa upepo. Angeweza kuyaacha yapite. Lakini begi! Mwezi mzima amejizuia, amemeza matusi mpaka koo limeota sugu, na huyu usiku anamwambia "lala salama" akiwa juu ya begi lililofungwa! Alingoja mkewe akatae. Mkewe alisimama na sinia, na hakukataa.

Cheche akajikuta amesimama. Hakukumbuka kuinuka. Wali ulikuwa umemdondoka kwenye kanzu. Na lile neno lilikuwa limekwisha kuja, si kwa kupanda kama zamani, bali lilikuwa tayari limekaa nyuma ya meno, lina moto, linajua njia. Alifungua mdomo.

"Wewe..." alisema.

Mama mkwe akafumba macho. Spika akaweka mikono miwili magotini, viganja juu, kama mtu anayesubiri kupewa mzigo.

Nimefunga, Cheche alitaka kusema, na hakuwa amefunga. Mkononi ana mafuta ya nyama.

Kulikuwa na jambo jingine shehe alilofundisha mwezi ule, watu wakacheka: kwamba mwenye hasira akiwa amesimama akae, na akiwa amekaa haijamtoka, alale. Mzee mmoja aliuliza, "Hata sokoni?" Msikiti ukaangua kicheko, na Cheche alikuwa wa kwanza.

Akakaa. Chini, puu, kama gunia. Neno likakaa naye. Lilikuwa pale pale, sasa limegusa ulimi.

Basi Fundi Cheche, mwanamume mzima mwenye ndevu na karakana, akasukuma bakuli la nyama kwa kiwiko, akajinyoosha chali mkekani mbele ya wakwe zake, katika kanzu ya Idi, kichwa karibu na miguu ya mama mkwe, akaibana midomo mpaka ikawa myeupe.

"Mungu wangu, mwanangu anakufa!" mama mkwe akapiga kelele. "Ni sukari! Ni sukari! Nilisema kapungua!" Na kabla mtu hajasogea, akalinyakua birika la kunawa akalimwaga lote usoni pake.

Cheche hakutikisika. Maji yakaingia masikioni na shingoni. Akapepesa macho.

Spika aliinama juu yake. "Fundi. Umezimia?"

Kichwa kikatikisika: hapana.

"Umelala?"

Hapana.

"Sasa nini?"

Cheche akavuta pumzi kupitia puani, mara ya kwanza, mara ya pili. Akafungua mdomo upenyo mdogo tu, kama mtu anayefungua banda lenye mbwa.

"Nimejiweka chini," alisema.

"Mpaka lini?"

"Mpaka hasira itoke, au wewe utoke. Yeyote atakayetangulia."

Mama mkwe akaguna, na ule mguno ulikuwa nusu kicheko. Lakini Mama Cherehani alikuwa bado mlangoni. Hakucheka. Macho yake hayakuwa kwenye uso wa mumewe. Yalikuwa kwenye meza ya cherehani, kisha yakahama haraka.

Cheche akayafuata. Meza ilikuwa pembeni, imefunikwa kitambaa cha maua kama kila siku ya mapumziko, na juu yake kuna ule uvimbe wa kichwa cha cherehani. Mtu aliyesimama angeona hivyo. Lakini yeye alikuwa chini, anaitazama meza kwa chini, na pale kwenye tundu la mbao ambapo chuma kingeonekana, aliona karatasi ngumu. Boksi. Boksi la viatu.

Kichwa cha cherehani hakikuwemo nyumbani.

Begi mtu hulifunga kwa hasira, akalifungua kesho yake. Lakini cherehani ndiyo mkono wake. Mshonaji haondoi kichwa cha mashine yake mpaka ameamua. Kilitolewa lini? Yeye akiwa tarawehe? Na kile kifuniko kilipangwa vizuri, kwa mkono wa fundi, ili yeye apite hapo kila asubuhi asijue.

Hasira ya pili ikaja, na hii ilikuwa kubwa kuliko ya kwanza. Na yeye amekwisha lala. Chini ya mkeka kuna sakafu, chini ya sakafu kuna udongo. Mafundisho hayakusema ukifika hapo uende wapi.

Spika akaona macho yake yalipo. Naye akageuza uso, kwa sababu boksi lilikuwa lake.

"Mama Cherehani," Cheche akasema. Alimwita kama mtaa unavyomwita. Hakuthubutu kusema "mke wangu", kwa kuogopa neno litakalofuata. "Kiko wapi?"

"Kwa mama."

"Tangu lini?"

"Wiki iliyopita."

"Niliwahi kukutukana mwezi huu?"

"Hapana."

"Nilipaza sauti?"

"Hapana."

"Basi kwa nini?" Sauti ilipanda, na akaishusha kwa nguvu zote, jasho likachanganyika na maji ya birika. "Kwa nini, wakati nimejizuia hivi?"

Mkewe akaweka sinia chini. Akaja, akapiga magoti mkekani, mbali kidogo na mkono wake.

"Kwa sababu kila siku ulisema umefunga," alisema. "Kila siku. Nikiunguza mboga, umefunga. Mtoto akimwaga maji, umefunga. Hukusema hata siku moja kwamba hutaki kunitukana. Ulisema hujaruhusiwa. Na mtu aliyefunga, Cheche, hufungua. Mimi nilikuwa najiuliza utafungulia nini."

Spika, ambaye hakuwahi kukosa la kusema tangu alipoachishwa ziwa, aliangalia viatu vyake mlangoni.

Cheche alilala akitazama dari. Neno lilikuwa bado mdomoni. Alilionja. Alijua kwamba sasa hivi hakuna mwezi unaomzuia, wala njaa. Mlango uko wazi kabisa, na shemeji mikono ipo tayari. Angelitaka, angelitema tu, na lingekuwa limetoka milele. Aligundua, kwa mshangao wa mtu anayejipapasa mfukoni akakuta ufunguo aliodhani umepotea, kwamba yeye halitaki. Hasira alikuwa nayo tele. Neno ndilo hakulitaka.

Akameza. Kila mtu aliona koromeo likishuka.

"Sijafunga," alisema, kwa dari. "Leo sijafunga. Nimeshiba, nimekasirika, na nimelowa. Na sikuachi."

Mama mkwe akaanza kulia, akasema ni pilipili, ingawa chakula hakikuwa na pilipili.

Mama Cherehani hakulia. Alikaa akimtazama muda mrefu, kama anavyotazama mshono ulioshonwa na mtu mwingine, akiuvuta huku na huku kuona kama utakatika.

"Inuka," alisema mwishowe. "Unalowesha mkeka."

"Haijatoka yote."

"Basi kaa mpaka itoke."

Alikaa chini mpaka adhana ya alasiri. Alipoinuka alienda kuchukua udhu, maji yakimpita mikononi taratibu, na aliporudi akakuta Spika yuko mlangoni amevaa viatu.

"Swala?" Cheche akauliza.

"Nakuja. Nisikilize lile geti lako." Halafu, bila kumtazama, "Fundi, mimi sijasema nimekosea."

"Sijakuuliza."

"Yule ni dada yangu. Tusielewane vibaya. Sijaridhika."

"Hata mimi sijaridhika na mimi. Twende, tutakosa rakaa."

Waliporudi, Mama Cherehani alikuwa amekwisha kata shauri na hakumshauri mtu.

"Kichwa cha cherehani kirudi," alisema. "Nina sketi ya mteja, haitajishona. Nendeni mkakilete nyinyi wawili, ni kizito."

"Na begi?" Cheche akauliza.

"Begi nimelilalia siku kumi. Kulifungua kutanichukua zaidi ya alasiri moja."

Aliingia chumbani, akalivuta kutoka mvunguni, akalileta sebuleni mbele ya wote. Lilikuwa begi la kawaida, la buluu, zipu imekatika ikashonwa vizuri kwa uzi wa rangi nyingine. Akaliweka kwenye mlango wa kutokea, wazi, mahali ambapo hakuna mtu angeweza kusema hakuliona.

"Likae hapa," alisema. "Sitaki tena kuficha."

Cheche akalitazama. Hasira ikasogea. Kidogo, lakini ikasogea. Spika naye akatazama, akisubiri.

Mama mkwe akatoa ufunguo wa nyumba yake kwenye kitambaa cha kichwani, akampa mkwewe. "Msikidondoshe," alisema. "Na msigombane njiani. Mkigombana, laleni, lakini si katikati ya barabara."

Cheche akainua kanzu yake iliyolowa kwa mikono miwili, akaliruka begi bila kuligusa, akatoka. Spika akamfuata. Nusu saa baadaye wakarudi, wamekibeba kile kichwa cha chuma huku na huku, wanahema, na safari hii kuliruka begi kulikuwa kugumu zaidi maana mzigo uliwavuta chini. Mguu wa Spika ukaligonga. Wa Cheche haukuligonga.